Usukani wa Umeme katika Hewa ya Chumvi

Mtu akisimama kando ya barabara ya Bagamoyo wakati wa alasiri, pale Bunju au Mapinga, akayatazama magari madogo yapitayo mbele yake, Vitz na Passo, March na Note, ambayo yalishushwa katika bandari ya Dar es Salaam baada ya kutumika Japani kwa miaka mingi, hawezi kutambua kwa macho kwamba mengi katika hayo hayana tena mafuta ya usukani yaliyokuwa yakijulikana na kila dereva wa zamani, wala pampu yake, wala mkanda wake, na kwamba wepesi ule unaomwezesha mama aliyechoka kwa kazi za siku nzima kugeuza gari lake penye nafasi finyu ya sokoni hutoka katika mota ya umeme iliyofungwa kwenye mhimili wa usukani. Mota hiyo haitendi kwa hiari yake. Hupokea amri kutoka katika kisanduku kidogo cha bati kilichofichwa chini ya dashibodi, ambacho mafundi wetu hukiita kontroli boksi ya usukani, na wenye magari walio wengi hawapati kujua kuwa kipo hata siku ile taa ya manjano yenye alama ya usukani, au herufi P/S, inapowaka mbele yao na usukani ukawa mzito ghafla katikati ya safari.

Nimekusudia kueleza habari za kisanduku hicho kwa sababu naona katika pwani hii, toka Tegeta hata Bagamoyo mjini na kuendelea mpaka Msata, fedha za watu wenye kipato kidogo zinapotea bure katika kukibadilisha. Huyu huambiwa kimekufa, ilhali ni kizima. Yule hushauriwa atafute cha gari kubwa zaidi, kwa dhana kwamba ukubwa ndio ubora. Na wa tatu hununua kilicho sahihi kabisa, walakini kikafungwa pasipo kufundishwa mahali pa katikati, gari likatoka gereji likivuta upande mmoja kuliko lilivyoingia. Nasadiki kwamba kisanduku cha usukani hakipaswi kuguswa kabla ya njia za umeme ziendazo kwake kupimwa moja baada ya moja, na kwamba kukibadilisha bila kukirekebisha ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo na hatari kuliko kuliacha gari kama lilivyo.

Tamaa ya kumpunguzia dereva mzigo wa usukani ni kongwe. Mhandisi wa Kimarekani, Francis Davis, alikwisha kuonyesha mwaka 1926 gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na mafuta yaliyoshinikizwa, lakini ilipita robo karne hata mwaka 1951, ndipo Chrysler ilipoanza kuwauzia watu magari ya abiria yenye usukani wa namna hiyo. Sifa ya mfumo ule ni nguvu na uimara. Kasoro yake ni kwamba pampu huzungushwa na injini kila dakika, gari likate kona au lisikate, kwa hiyo hula petroli hata pasipokuwa na haja. Wajapani, ambao walikuwa wakiunda magari madogo mno yenye injini zisizo na nguvu ya kugawa, walitafuta njia nyingine, na mwaka 1988 Suzuki ikatoa gari lake la Cervo lenye usukani unaosaidiwa na umeme mtupu, kwa ustadi wa kampuni ya Koyo. Honda ikautia katika NSX mwaka 1990, Toyota katika Prius ya mwaka 1997, na katika miaka ya 2000 ukaenea katika magari madogo ya Toyota na Nissan, ambayo ndiyo hayo hayo yaliyoletwa kwetu kwa wingi yalipozeeka. Akiba inayotajwa na watengenezaji ni kama asilimia 3 hadi 5 ya mafuta, nayo si haba kwa mtu atokaye Bagamoyo kwenda kazini Dar es Salaam, yapata kilomita 70, na kurudi jioni.

Utendaji wake ni wa kustaajabisha, na mtu asiye fundi anaweza kuufahamu. Ndani ya mhimili wa usukani mna kijiti cha chuma cha springi, kilichochongwa kiwe chembamba ili kijipinde kidogo, digrii chache tu, dereva anapozungusha usukani na matairi yakachelewa kumtii kwa sababu ya uzito wa gari. Sensa hupima kupinda huko na kupeleka habari zake kwenye kisanduku kwa njia ya volti, nayo hupeleka ishara mbili, si moja, ili moja iwe shahidi wa mwenzake. Kisanduku huzilinganisha ishara hizo mara nyingi katika kila sekunde, na zikihitilafiana kupita kiasi hukata msaada papo hapo na kuwasha taa, kwa kuwa waliokibuni waliona ni heri usukani mzito kuliko usukani unaojizungusha wenyewe. Fauka ya hayo hupokea habari za mwendo wa gari, na habari kwamba injini inawaka. Gari likiwa limesimama, au likienda polepole, msaada hutolewa kwa wingi. Likifika kilomita 80 kwa saa hupunguzwa, ili usukani uwe na uzito mikononi na gari lisiyumbe kwa kila mtikisiko wa kidole. Kiasi cha kutolewa, kwa mwendo gani na kwa nguvu gani ya mkono, kimeandikwa katika kumbukumbu ya kisanduku kama jedwali ambalo wahandisi huliita ramani ya msaada, na ramani hiyo hutungwa kwa kila aina ya gari kwa kuzingatia uzito wake wa mbele, upana wa matairi yake na mota iliyofungwa ndani yake.

Jambo ambalo watu hulisahau ni wingi wa umeme unaotumika. Taa kubwa ya mbele hulindwa kwa fyuzi ya ampea 10 au 15; usukani wa umeme hupewa fyuzi yake peke yake, aghalabu ya ampea 50 au 60, kwa kuwa mota ikigeuza matairi yaliyokaa juu ya lami kavu, gari likiwa limesimama, huvuta makumi ya ampea kutoka katika betri ya volti 12. Ndipo unapoona kwa nini kasoro ndogo ya waya, ambayo redio ingeivumilia miaka kumi, huuangusha usukani: ukinzani wa omu 0.05, kitu ambacho mita ya kawaida ya fundi haiwezi kukisoma kwa uhakika, ukipitiwa na ampea 40 hula volti 2 nzima, na kisanduku kikiona volti zimeshuka chini ya kiwango kilichowekewa hupunguza msaada au huukata kabisa. Hakijafa. Kinajihifadhi.

Vivyo hivyo na joto. Dereva akikata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, tena na tena, kwa kuegesha katika uwanja uliojaa, na hasa akiushikilia pale mwishoni bila kuulegeza, mota na kisanduku hupata moto, na kisanduku hupunguza umeme ili visiungue. Usukani huwa mzito. Gari likiachwa litulie kwa muda, wepesi hurudi wenyewe, pasipo spea wala fundi, na jambo hili limeandikwa katika vitabu vya magari hayo ambavyo kwa bahati mbaya hutufikia kwa Kijapani, ama havitufikii kabisa.

Katika miji ya bara kasoro za nyaya huja polepole. Kwetu huja mbio, na sababu yake ni chumvi. Mashamba ya chumvi ya Nunge, upande wa kaskazini wa mji wa Bagamoyo, hukausha maji ya bahari kwa jua lile lile na upepo ule ule upitao juu ya magari yaliyoegeshwa mbele ya nyumba zetu. Chembe za chumvi zinazoletwa nchi kavu na kusi, na baadaye na kaskazi, hutua juu ya kila kitu, na tabia ya chumvi ni kuvuta unyevu hata siku isiyo na mvua; ikiingia katika soketi, mahali ambapo madini mawili yanagusana na umeme unapita, madini hayo huanza kulana. Ishara yake ni ukoga wa kijani juu ya shaba na unga mweupe juu ya alumini. Wala si haki kuitupia pwani yetu lawama yote, kwa maana magari yaliyotoka kaskazini ya Japani, mathalani Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huwasili yakiwa na kutu yake yenyewe chini ya bodi, na hewa yetu huiendeleza tu kazi iliyokwisha anza.

Maji matamu nayo yana sehemu yao. Katika magari haya madogo, kisanduku kimo ndani ya chumba cha abiria, kwa hiyo hakikuzibwa kama vile vilivyomo kwenye injini ambavyo viliundwa vikijua kuwa vitarushiwa maji. Majani ya mwembe yakijaa katika mfereji ulio chini ya waipa, mvua ya masika hukosa njia ya kutokea, ikatafuta njia ya kuingilia. Kioo cha mbele kilichobadilishwa kwa haraka huvuja pembeni. Na wako vijana waosha magari ambao, kwa nia njema kabisa, hupeleka mpira wa maji mpaka chini ya dashibodi ili vumbi lote litoke. Mtu aingizaye gari dogo katika maji yaliyofunika barabara, iwe katika mabonde ya Dar es Salaam au katika bonde la Ruvu kwenye njia ya Msata, aghalabu huwaza injini yake tu. Injini ikiwaka hushukuru akaenda zake, na wiki mbili au tatu baadaye, maji yakiwa yamekwisha kauka na chumvi na matope vikabaki juu ya saketi, taa ya usukani huwaka, naye hakumbuki tena yale maji.

Nilikaa asubuhi moja katika gereji iliyo chini ya mkorosho, huko Kerege, nikamtazama fundi wa umeme akipokea Vitz ya mwanamke mmoja mwenye umri wa mama yake. Alimwamkia, naye akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kontroli boksi imekufa, niende Ilala nikatafute nyingine."

"Usiende kwanza, mama," akasema fundi. "Tupime kwanza, tujue lililokufa ni lipi."

Akaanza na betri, ambayo ndiyo ya kwanza kutazamwa na ya mwisho kukumbukwa na mafundi wenye pupa. Injini ikiwa haijawashwa mita ilionyesha volti 12.4, ilipowashwa, altaneta ikapandisha hadi 14. Kisha akamwita kijana wake akae kwenye kiti, akate usukani pole pole gari likiwa limesimama, na yeye mwenyewe akalala chali miguu ikiwa nje ya mlango, akachomeka ncha za mita nyuma ya soketi ya kisanduku bila kuichomoa, jambo ambalo nawaomba wasomaji walitie moyoni, kwa kuwa soketi ikichomolewa umeme haupiti na kipimo hakisemi neno. Betri ilikuwa na volti 13.8. Kwenye kisanduku zilifika 10.9. Karibu volti 3 zilikuwa zinapotelea njiani, na akizifuata nyuma, waya baada ya waya, alikuta upande wa fyuzi ni salama na upande wa ethi ndio wenye ila: bolti iliyoshika waya wa ethi kwenye bodi, nyuma ya kifuniko cha miguuni, ilikuwa imevimba kwa kutu, na pete ya shaba iliyokuwa chini yake imevaa kijani kitupu. Aliifungua, akakwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakata pete ile akafunga mpya, akakaza, na mwisho akapaka grisi juu ya kiungo, baada ya kukaza na si kabla. Kijana akakata usukani tena. Kisanduku kikapata volti 13 na nusu, na taa ikazimika.

"Mama, sanduku lako zima," akasema akijifuta mikono. "Lilikuwa na njaa tu."

Yule mama akauliza habari za aliyemwambia kuwa limekufa. Fundi hakumsema mwenzake. Alifunga kifuniko, akamwomba akae kwenye kiti akakate usukani kwa mikono yake mwenyewe. Malipo aliyoyachukua yalikuwa ya saa moja ya kazi na kipande cha pete ya shaba, nami nilimwona ni mtu wa kuheshimiwa kwa elimu yake na kwa adabu yake pia, maana angeweza kuuza kisanduku siku ile na hapana ambaye angejua.

Haina maana kwamba visanduku havifi. Hufa, na kifo chao cha kawaida ni cha lehemu: pini nene za soketi na za rilei, zinazopitisha umeme mwingi, hupata moto na kupoa kila siku kwa miaka kumi na mitano, na barabara zenye matuta zikazitikisa, hata lehemu iliyozishika kwenye ubao wa saketi ikapasuka kwa mviringo mwembamba mno, usioonekana ila kwa lenzi na mwanga wa pembeni. Gari la namna hii huwa na ugonjwa wa vipindi. Asubuhi ni zima, mchana jua likipanda huugua, likipigwa ngumi juu ya dashibodi hupona. Fundi mwenye mkono mzuri huweza kuirudia lehemu hiyo, akausafisha ubao kwa spiriti, akaukausha sawasawa na kuupaka vanishi ya saketi izuie unyevu, na kazi hiyo, ikifanywa kwa uangalifu, hudumu. Lakini zikiwa zimeungua transista zinazopeleka umeme kwenye mota, au kumbukumbu yenyewe imeharibika, hapo hapana budi kutafuta kisanduku kingine.

Soko lake lipo Dar es Salaam, Gerezani na Ilala, ambako spea zilizotolewa katika magari yaliyovunjwa Japani hupangwa katika maduka mpaka darini. Mnunuzi aende na kisanduku chake cha zamani mkononi, asiende na jina la gari tu. Visanduku vya usukani vya Toyota huwa na namba inayoanza na 89650, ikifuatwa na tarakimu nyingine tano, na tarakimu hizo tano ndizo zitofautishazo ndugu wawili waliofanana sura. Soketi huweza kuingia vizuri, rangi za nyaya zikawa zile zile, na ndani mkawa na ramani ya gari jingine lenye uzito mwingine na mota nyingine. Muuzaji akisema "hii inaingia", amesema kweli, lakini hilo silo swali. Mnunuzi atazame pia pini za soketi kwa tochi, na akiona kijani arudishe, hata bei ikiwa nafuu kiasi gani, kwa kuwa atakuwa amenunua ugonjwa ule ule alioukimbia.

Nafika sasa penye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni hii tamaa ya kukipandisha daraja kisanduku. Imezoeleka kwetu kulinyanyua gari dogo kwa kutia spesa juu ya shokapu, ili tumbo lisiguse mawe ya njia za vumbi, na baadhi ya vijana huongeza juu yake rimu kubwa na matairi mapana. Ardhi ikashika matairi kwa upana zaidi, usukani ukawa mzito kuliko zamani, na mwenye gari akashawishika kwamba dawa ni kontroli boksi ya gari kubwa zaidi, "yenye nguvu". Nguvu haitoki ndani ya kisanduku. Hutoka katika mota, na mota ile ile iliyokusudiwa kugeuza matairi membamba ikilazimishwa kupokea umeme mwingi kuliko ulivyopimiwa, brashi zake huungua na waya wake huyeyusha soketi. Na hata pasipokuwa na moto, ramani ya gari zito katika gari jepesi hutoa msaada uliozidi penye mwendo, usukani ukawa kama hauna mtu anayeushika, na katika barabara yenye malori na bodaboda hiyo ni hatari iliyo dhahiri. Mtu wa namna hiyo arudishe matairi ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango na ajaze upepo sawasawa, maana tairi lenye upepo pungufu huuchosha usukani kuliko watu wanavyokiri.

Kupandisha daraja kwa haki kupo, ila hufanywa na mtengenezaji au kwa kufuata maelekezo yake. Mwaka 2010 General Motors iliyaita kwa marekebisho magari zaidi ya milioni moja, Chevrolet Cobalt na ndugu zake, kwa sababu usukani wake wa umeme uliweza kupoteza msaada ghafla, na mwaka 2014 ikayaita mengine yapata milioni 1.3, mengine yalibadilishiwa mota, mengine mhimili mzima, mengine kisanduku cha kuongozea mota, kila moja kwa kadiri ya kasoro yake. Gari la mtumba lililovuka bahari halina wa kuliita. Marekebisho ya namna hii hutangazwa Japani likiwa tayari linatembea Bagamoyo, na mwenye nalo hapati barua. Kwa hiyo ni busara kuitafuta namba ya chesisi katika orodha za mtengenezaji kabla ya kununua chochote, kwani huenda kilichokwisha tolewa kuwa bora zaidi kina namba mpya inayopokea nafasi ya ile ya zamani, na hicho ndicho cha kuagizwa.

Kuna na upande mwingine wa jambo hili, ambao nautaja kwa kuwa magari ya kale hayajaisha katika pwani yetu. Huko Uingereza na Uholanzi wako mafundi wanaoyafungia magari yaliyozaliwa bila msaada wowote mihimili ya usukani wa umeme, na kwa kuwa gari la kale halitoi ishara ya mwendo, huongeza kontroli boksi iliyoundwa mahsusi, yenye kitufe cha kuzidisha na kupunguza msaada kwa mkono. Ni kazi nzuri ikifanywa na ajuaye kulehemu mhimili na kuupima, na mwenye Land Rover ya miaka ya sitini angeifurahia. Lakini dereva wake sharti akumbuke kupunguza msaada kabla ya kuingia katika barabara kuu, kwa kuwa hapo yeye mwenyewe ndiye aliyechukua kazi ya kisanduku.

Kisanduku sahihi kikiisha kupatikana, kazi iliyo ngumu inaanza, nayo ndiyo inayorukwa. Sensa ya mhimili haina habari ya mahali palipo sifuri mpaka ifundishwe. Gari husimamishwa juu ya sakafu iliyo sawa, matairi yakitazama mbele, upepo wa matairi ukiwa umelinganishwa, injini imezimwa na swichi imewashwa; fundi huunganisha mashine ya kupimia, hufuta kipimo cha zamani, na huamuru kisanduku kipokee kipya, na katika muda huo hapana mkono unaogusa usukani, wala mtu anayeegemea mlango. Katika Toyota, gari ambalo halikufanyiwa hivyo hutoa alama ya hitilafu, ambayo mafundi huiita kodi, C1515, na lililofanyiwa vibaya hutoa C1516. Zikionekana kodi za C1581 au C1582, maana yake ni kwamba ramani ya msaada haijaandikwa ndani ya kisanduku au iliyomo si ya gari lile. Mafundi wengine huzifuta kodi hizi, taa ikazimika kwa muda, wakampa mwenye gari ufunguo. Sifuri iliyokosewa humfanya msaidizi wa umeme aamini kwamba dereva anavuta kushoto wakati mikono yake imetulia, naye humsaidia kuvuta kushoto, safari nzima, kilomita baada ya kilomita.

Sakafu iliyo sawa ni kitu adimu katika gereji zetu za chini ya miti, na mashine ya kupimia ni ghali. Ndiyo maana naona vyuo vya ufundi vya VETA, ambavyo vijana wengi wa umeme wa magari hupitia, vingefanya hisani kubwa kwa pwani hii kama vingewafundisha mafundi walio kazini, kwa masomo mafupi ya jioni, kusoma kodi za usukani na kurekebisha sifuri, kwa Kiswahili, juu ya magari yale yale wanayoyafungua kila siku. Kijana aliyemaliza chuo kabla magari haya hayajafika hana lawama. Elimu ndiyo iliyomkimbia.

Taa ikiwaka njiani, dereva asitaharuki, wala asizime injini gari likiwa katika mwendo. Usukani bado umeungana na matairi kwa chuma, na gari litageuka, ila kwa nguvu ya mikono yake. Basi ashike kwa mikono miwili, apunguze mwendo, atoke barabarani penye nafasi, na akiisha kusimama azime, angoje kidogo, awashe tena. Taa ikizimika na isirudi, atazame betri na vichwa vyake kabla ya kwenda kwa fundi yeyote. Ikirudi, aende polepole mpaka gereji, na akaeleze kwa ukamilifu lini gari liliingia majini, lini betri ilibadilishwa na nani aligusa nyaya mara ya mwisho, maana habari hizo humfupishia fundi kazi.

Na gari likiisha kutengenezwa, mwenye nalo adai kurudishiwa kisanduku cha zamani, adai kuonyeshwa kwenye mashine kwamba hapana kodi iliyobaki, kisha apande pamoja na fundi waende katika kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na watu wengi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa alegeze mikono pasipo kuiondoa, aone kama gari linashika njia yake. Akate kona ya kulia na ya kushoto, aone kama usukani unarudi katikati kwa kasi ile ile pande zote mbili. Asimame, akate mpaka mwisho na kuachia. Likivuta upande, au likirudi zito upande mmoja, lipelekwe gereji siku ile ile, likasimamishwe juu ya sakafu iliyo sawa na sifuri ifundishwe upya, kabla fedha za mwisho hazijalipwa.